Ninunue sasa, nisubiri zile mpya, au nichukue mtumba? Kasi na bei za prosesa za kompyuta za mezani

"Fundi, ninunue sasa au nisubiri zile mpya?"

Swali hili huingia dukani karibu kila wiki, na mara nyingi huja na simu mkononi, video imesimamishwa pale ambapo jamaa fulani anasema kizazi kijacho cha prosesa kitavuka gigahezi 6, kitakuwa na viini 52, na bei haitabadilika. Anayeuliza si mjinga. Pesa ya kompyuta ya mezani si ya kuchezea, na hakuna anayependa kulipa leo halafu mwezi ujao asikie kitu kilekile kimeshuka.

Basi nijibu kwa urefu mara moja. Njia ziko tatu: kununua mpya ya kizazi kilichopo madukani, kusubiri kizazi kijacho, au kuchukua mtumba wa ofisini, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk ambazo Nairobi huitwa ex-UK na sisi Dar tunasema tu "used". Nikisema prosesa nazungumzia kile kibati cha mraba kinachokaa kwenye soketi; gigahezi ni mapigo ya saa yake, bilioni kwa sekunde, na viini ni vitengo vya kazi vilivyo ndani yake. Naliweka wazi kwa sababu kwetu kasha zima huitwa CPU, na nimewahi kubishana na mteja robo saa nzima, yeye akisema boksi, mimi nikisema chipu.

Nitazipima kwa mambo matano: kasi kwenye kazi zako halisi, gharama ya mashine nzima mpaka inawaka, umeme na joto, nafasi ya kuiboresha baadaye, na dhamana pamoja na spea. Hayana uzito sawa. Mawili ya kwanza ndiyo yanayowachanganya watu, kwa hiyo nitakaa huko zaidi.

Kasi: gigahezi ni shahidi asiyeaminika

Mwaka 1994 Intel ilitoa Pentium ya megahezi 100. Novemba 2004 Pentium 4 ilikuwa imefika gigahezi 3.8. Hiyo ni mara 38 ndani ya miaka 10. Mtu aliyekulia enzi hizo alikuwa na haki ya kusubiri, maana kila mwaka wa subira ulimlipa. Sasa endelea kuhesabu. Machi 2024 ilitoka Core i9-14900KS yenye gigahezi 6.2. Kutoka 3.8 hadi 6.2 kwa miaka 20, hata mara mbili haifiki. Kizazi kilichofuata, Core Ultra 9 285K cha Oktoba 2024, kikarudi nyuma hadi 5.7. Kwa mshindani wake AMD, Ryzen 9 7950X ya 2022 inafika 5.7, na 9950X ya 2024 inafika 5.7 hiyohiyo.

Kilichozuia ni joto. Zamani transista zilipopunguzwa ukubwa, umeme zilizohitaji nao ulipungua kwa uwiano uleule. Robert Dennard na wenzake wa IBM walilieleza hilo mwaka 1974. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba umeme ulivuja hata zikiwa zimezimwa, na kuongeza gigahezi kukawa ni kuongeza moto. Oktoba 2004 Intel ikafuta Pentium 4 ya gigahezi 4 iliyokuwa imeahidiwa, na mkuu wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani kuomba radhi.

Apple nayo ina kisa chake. Juni 2003 Steve Jobs alizindua Power Mac G5 ya gigahezi 2 na kuahidi kwamba ndani ya miezi 12 ingefika 3. Juni 2004 ikaja ya 2.5, tena ikipozwa kwa kimiminika. Juni 2005 Jobs akatangaza kwamba Apple inahamia Intel. Waliosubiri G5 ya gigahezi 3 hawakuipata kamwe, na hiyo haikuwa tetesi ya vijiweni: aliyeahidi ni bosi mwenyewe, mbele ya watu.

Kasi ya leo inatoka kwingine. Kuna kazi inayofanywa kwa kila pigo la saa, kuna idadi ya viini, na kuna kashe, ile akiba ndogo ya kumbukumbu iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Mfano ninaopenda kuwaonyesha wateja ni huu: Ryzen 7 9700X inafika gigahezi 5.5, na Ryzen 7 9800X3D inafika 5.2. Zote zina viini 8. Kwenye gemu, ile ya 5.2 ndiyo inayoshinda, kwa kuwa ina kashe ya megabaiti 96 dhidi ya 32. Ukinunua kwa kusoma gigahezi peke yake unachukua iliyo nyuma. Chipu ya M1 ya Apple ya 2020 nayo ilikuwa na gigahezi 3.2 tu, na kwa kazi za kiini kimoja ilishindana na prosesa za mezani za wakati ule zilizopita 5.

Mpya ya sasa, basi, iko wapi? Ryzen 5 7600 au 9600X, Core i5 ya kizazi cha 12 hadi 14, Core Ultra 5: zote zina viini 6 au zaidi, na kazi za ofisi, hesabu za duka, usanifu wa mabango na kuhariri video za kawaida hazizitoi jasho. Kwa gemu, kikomo chako mara nyingi kitakuwa kadi ya picha, si prosesa.

Anayesubiri anasubiri nini? Intel imesema kizazi chake kijacho cha mezani, Nova Lake, kinalenga mwishoni mwa 2026. AMD imethibitisha kwamba Zen 6, muundo wa prosesa zake zijazo, kwa upande wa seva inatengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 2 ya kiwanda cha TSMC cha Taiwan. Mengine yote, viini 52, gigahezi 6 na ushei, ni tetesi. Mimi huzipima kwa historia: AMD yenyewe ilidai ongezeko la wastani wa asilimia 13 la kazi kwa kila pigo kwa Zen 4 (Ryzen 7000), na asilimia 16 kwa Zen 5 (Ryzen 9000). Hayo ni madai ya muuzaji, na kwenye gemu Zen 5 ilipotoka Agosti 2024 wengi waliona kidogo kuliko hapo. Kwa hiyo nikikisia, kwa mtu wa Excel na kivinjari kizazi kijacho kitakuwa kizuri lakini hatakisikia mkononi. Kwa mtu anayetoa michoro ya 3D au kujenga programu kubwa, kuongezeka kwa viini kunaweza kumrudishia saa nzima kwa siku. Huyo ana cha kusubiri.

Mtumba nao usiudharau. Core i5-8500 ya 2018 ina viini 6 na inafika gigahezi 4.1. Ukiitoa diski ya kuzunguka ukaweka SSD, mhasibu hataamini ni mashine ya miaka hiyo. Tatizo la mtumba ni lebo. Muuzaji anapaza sauti "i7 hiyo, i7!" bila kutaja kizazi. Tazama namba baada ya kistari: i7-7700 ni kizazi cha 7, viini 4, i5-8500 ni cha 8, viini 6. Namba ndogo ya kwanza, ile 5 au 7, ndiyo inayobandikwa kwa herufi kubwa, na ndiyo isiyo na maana sana. Tofauti ya 7 na 8 hapa ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa vichache sana. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 6 na 7 zinamwagwa kwa bei ya kutupwa. Ukiwa mtu wa Linux, hiyo ni neema yako.

Bei: prosesa ni kipande tu cha bili

Prosesa ndiyo inayoandikwa kwenye habari, lakini bili ina madabodi (ubao mkuu unaobeba vipande vyote), RAM, SSD, pawa saplai, kasha na kipoza joto. Mwishoni mwa 2025 tulipata somo. Viwanda vya kumbukumbu vilielekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia, RAM za kawaida zikaadimika, na bei zake zikaruka mara mbili na zaidi kwa miezi michache. Desemba 2025 Micron ikatangaza kuifunga Crucial, jina la RAM na SSD lililokuwa madukani kwa karibu miaka 30. Aliyekuwa amesubiri prosesa ishuke dola 50 alijikuta analipa mara kadhaa ya kiasi hicho kwenye RAM. Utabiri wake wa prosesa ulikuwa sahihi. Bili ndiyo ilimkimbia.

Kwa upande wa prosesa zenyewe, historia ina mwelekeo unaosomeka. Ryzen 9 7950X ilitoka tarehe 27 Septemba 2022 kwa dola 699. Kabla ya Novemba kwisha AMD ilikuwa imeishusha hadi 574, na 7600X kutoka 299 hadi 249. Kizazi kilichofuata kikaanza chini zaidi: 9950X kwa 649, 9600X kwa 279. Kwa hiyo hofu ya kwamba "zijazo zitakuwa ghali mno" haina ushahidi mkubwa kwa prosesa za kawaida. Ila bei hizo ni za Marekani na hazina kodi ya mauzo. Kati yake na Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi kuna usafiri, kodi, thamani ya dola siku hiyo, na faida ya watu wawili watatu. Bei ikishuka kule, hapa huchelewa kushuka, kwa sababu mwenye duka bado ana mzigo alioununua kwa bei ya juu.

Kuna jambo jingine ambalo video za tetesi hazilisemi: prosesa za bei nafuu hazitoki siku ya kwanza. Ryzen 7000 ilizinduliwa Septemba 2022 na zile za herufi X. Ryzen 5 7600 ya dola 229, ambayo ndiyo watu wengi waliihitaji, ilikuja Januari 2023. Madabodi za bei ya chini za A620 zilikuja mwisho wa Machi 2023, miezi sita baada ya uzinduzi. Intel ilifanya vivyo hivyo: kizazi cha 12 kilianza Novemba 2021, Core i5-12400 ikafuata Januari 2022. Kwa hiyo mwenye bajeti ya kati asiyetaka kizazi kilichopo hasubiri siku ya uzinduzi. Anasubiri uzinduzi, kisha prosesa ndogo, kisha madabodi nafuu, kisha mzigo upite Dubai, pale Computer Street mjini Bur Dubai wanakonunua wafanyabiashara wetu wengi, kisha ufike. Hesabu yangu ni karibu mwaka kutoka siku anayoona video.

Faida ya kusubiri ipo, lakini si pale wengi wanapoitafuta. Kizazi kipya kinapotoka, kile cha zamani ndicho kinachoshuka. Kuna wateja wangu wanaofuatilia tarehe za uzinduzi ili wachukue kinachoondoka, na huwa wanafanya vizuri.

Mtumba kwa sasa una nguvu moja ambayo mwaka 2024 haukuwa nayo: RAM iko ndani tayari. OptiPlex 7060 yenye gigabaiti 16 za DDR4 inakuja na kitu ambacho kwenye mashine mpya kinakula sehemu nono ya bajeti. Bei yake nayo imeanza kupanda kwa sababu hiyohiyo, lakini bado pengo ni kubwa.

Niitaje Mac mini hapa, maana huwa naulizwa. Ya M4 ilitoka Novemba 2024 kwa dola 599 ikiwa na RAM ya gigabaiti 16, wakati ya M1 ya 2020 ilianza 699 kwa gigabaiti 8. Kwa mhariri wa video au mtengenezaji wa muziki, ni vigumu kukusanya mashine mpya ya Windows inayoishinda kwa bei hiyo. Lakini RAM haiongezwi kamwe, na ilipotoka, kupanda kutoka gigabaiti 256 za hifadhi kwenda 512 Apple ilitoza dola 200. Diski ya nje itakuwa rafiki yako.

Umeme na joto

Hesabu hii naifanya kwa uniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa sababu kila mtu anaielewa. Mashine inayokula wastani wa wati 40, saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inamaliza uniti 8 na kitu. Inayokula wati 250 kwa muda uleule inamaliza uniti 52. Mtumba wa ofisini ukifanya kazi nyepesi uko karibu na ile ya kwanza. Mac mini iko chini yake. Mashine mpya yenye prosesa ya wati 65 na isiyo na kadi kubwa haiko mbali. Inayokwenda kwenye uniti 52 ni ile ya gemu au ya kazi nzito: Core i9-14900K peke yake inaruhusiwa kufika wati 253 kabla hujaongeza kadi ya picha.

Ile gigahezi ya kwenye boksi ina neno "hadi" mbele yake. Prosesa inaifikia ikiwa imepoa vya kutosha, na vipimo unavyoona mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Chumba changu cha kazi mwezi wa pili kiko 32 hata feni ikiwa juu. Ryzen 7000 za herufi X zilitengenezwa zikubali kukaa nyuzi 95 zikifanya kazi nzito. Si hitilafu, lakini kwa mji wa pwani wenye vumbi na hewa ya chumvi, mimi humshauri mtu achukue ile isiyo na X na kipoza joto kizuri kuliko ile yenye X na kipoza cha kubahatisha.

Kizazi kijacho kwa hili sina cha kukisia kwa ujasiri. Nanomita 2 inapaswa kupunguza umeme kwa kazi ileile, lakini watengenezaji hupenda kuila akiba hiyo kwa kuongeza viini.

Kuboresha baadaye

Hapa AMD ina rekodi inayozungumza. Aliyenunua madabodi ya soketi ya AM4 mwaka 2017 na Ryzen ya kwanza, mwaka 2022 aliweza kusasisha BIOS (programu ya msingi ya madabodi) na kuchomeka Ryzen 7 5800X3D palepale, bila kugusa RAM wala kasha. AM5 ilianza 2022, na AMD imesema itaihudumia hadi 2027 na kuendelea. Kwa hiyo anayenunua Ryzen 5 ya AM5 leo ana nafasi nzuri ya kusubiri huku akifanya kazi. Intel hubadilisha soketi mapema zaidi: LGA1200 mwaka 2020, LGA1700 mwaka 2021, LGA1851 mwaka 2024, na karibu tetesi zote zinakubaliana kwamba Nova Lake itakuja na nyingine. Anayenunua Intel leo anunue inayomtosha hadi mashine yenyewe ichoke. Hilo si kosa. Wateja wengi hawajawahi kubadilisha prosesa hata mara moja, na Core i5-12400 yenye madabodi ya DDR4 ni mashine ya heshima.

Mtumba una ukuta. OptiPlex ndogo zina pawa saplai ya umbo lao wenyewe na nafasi ya kadi nusu kimo, kwa hiyo kadi yako ni ile isiyohitaji waya wa ziada, kama GTX 1650 fupi. Ukiwa unatamani gemu baadaye, tafuta umbo la mnara mkubwa, si lile la kulala.

Dhamana, spea, na jinsi ya kukagua

Mpya ina risiti na dhamana. Uliza tu kama dhamana ni ya duka au ya mtengenezaji, kwa sababu prosesa ikiletwa bila boksi huwa ni ya duka, na duka linaweza kuhama.

Kwa mtumba wa prosesa za karibuni kuna tahadhari moja kubwa. Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14, hasa za herufi K, zilikuwa na tatizo la volteji lililozichakaza polepole. Intel ilitoa marekebisho ya BIOS kuanzia Agosti 2024 na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayaponyi iliyokwisha kuumia. Ukiuziwa i9-13900K ya mtu kwa bei tamu, jiulize ilikaa muda gani bila hiyo BIOS.

Kukagua mtumba hakuhitaji maabara. Mwaka jana nilimsindikiza mama mmoja mwenye shule ya awali kuchukua mashine sita kwa muuzaji wa jumla. Zote zilifutwa zikang'aa. Nikafungua ubavu wa ya kwanza: vumbi la kijivu limeganda kwenye mapezi ya kipoza joto kama blanketi, na dawa ya joto juu ya prosesa imekauka ikawa chaki. Nikaiwasha, saa ikaonyesha mwaka 2018, maana kibetri cha CR2032 kimekufa. Nikaweka programu ya CrystalDiskInfo kwenye flashi nikaangalia diski: saa 31,000 za kuwaka. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu mfululizo bila kuzimwa. "Mama, hizi zilikuwa kwenye kaunta ya mahali pasipolala," nikamwambia. Akanunua nne badala ya sita, akadai punguzo, tofauti tukaitia kwenye SSD mpya na dawa ya joto. Zinafanya kazi mpaka leo. Kibetri, vumbi na dawa havikuwa sababu ya kukataa. Vilikuwa sababu ya kushusha bei. Diski ndiyo iliyokataliwa.

Sasa, kwa hali yako

Mwanafunzi, mhasibu, mwenye duka la kuchapa, shule ndogo: mtumba wa kizazi cha 8 kwenda juu, RAM gigabaiti 16, SSD mpya. Usilipe zaidi kwa neno i7. Ukipata cha 10 kwa tofauti ndogo, chukua.

Mashine yako imekufa na kazi zinasimama: nunua mpya leo, wala usifungue video ya tetesi. Siku 60 bila mashine zinagharimu kuliko punguzo lolote unalolisubiri. Kama unajijua kuwa mtu wa kubadilisha vipande, AM5 na prosesa ya kati. Kama unataka ununue usahau, Intel ya LGA1700 au Mac mini, kutegemea programu zako ziko upande gani.

Mpenzi wa gemu: weka pesa kwenye kadi ya picha kwanza. Prosesa ya viini 6 ya sasa inatosha. Ukipata nyongeza, zile za X3D, zenye kashe kubwa, ndizo zenye tofauti ya kweli. Kama unayo AM4 tayari, tafuta 5800X3D au ndugu zake wa bei nafuu kabla ya kuuza kila kitu.

Unayetoa 3D, unayejenga programu kubwa, unayehariri 4K kila siku, na mashine uliyonayo bado inakwenda: wewe ndiye mwenye sababu ya kusubiri. Jiwekee tarehe, si tetesi. Kwa mfano, kizazi kipya kikitoka na miezi mitatu ikapita bila kile unachotaka kufika sokoni kwako, chukua 9950X iliyoshuka uendelee na kazi. Na RAM usiisubirie. Ukiiona kwa bei unayoweza kuibeba, ichukue na iweke kabatini ikiwa kwenye plastiki yake.

Unayekaa mahali umeme unakatikakatika: kabla ya yote haya, toa fungu la UPS (betri ya akiba) kwenye bajeti. Ikibidi ushuke daraja moja la prosesa ili lipatikane, shuka.

Na wewe uliyeniletea video ya viini 52, niambie kwanza unafanyia nini. Juzi kijana mmoja alifikiri kidogo akasema, "Word, na sinema." Tukamfungashia OptiPlex.